Ufagio wa Chelewa Uwekewe Mpaka

Katika mitaa ya Chuno, kama ilivyo katika kata nyingine za Manispaa ya Mtwara-Mikindani, uwanja wa nyumba huhesabiwa kuwa safi pale unapokuwa mtupu kabisa, bila jani, bila jiti, bila unyasi, ukabaki mchanga wenye mistari myembamba iliyochorwa na ufagio wa chelewa, yaani ufagio unaofungwa kwa vijiti vigumu vya makuti ya mnazi. Kazi hiyo hufanywa alfajiri, aghalabu na wanawake na mabinti, nayo hurudiwa kesho na kesho kutwa, mwaka mzima, kwa bidii ambayo hakuna mwenye haki ya kuibeza. Lakini katika viwanja hivyohivyo huonekana pia mambo yasiyozungumzwa sana: ngazi ya chini ya baraza iliyojengwa ikilingana na ardhi na ambayo sasa imeachwa juu, mizizi ya mwembe iliyotokeza hadi watu wanajikwaa, ukanda wa rangi ya udongo uliopanda ukutani mpaka usawa wa goti, na mtaro wa barabarani unaofukiwa na mchanga kila msimu wa mvua unapokwisha.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba uwanja uliofagiwa hadi ukawa mtupu ndio sababu, na nyumba inayochimbika pembeni ndiyo matokeo, na kwamba gharama ya jambo hilo hulipwa na kaya yenyewe, kidogo kidogo, kwa saruji, kwa afya na kwa fedha ya mboga. Dawa yake ni mimea ya kufunika ardhi, jina linalotumika kwa mimea yoyote mifupi inayotambaa au kutandaa, ikaushika udongo kwa mizizi na kuukinga kwa majani, iwe ni nyasi, maua, mboga au jamii ya kunde. Ufagio hauna haja ya kutupwa; unachohitaji ni kuwekewa mpaka, ili ufagie mahali ambapo watu huketi, hula na huanika vitu, na uiache sehemu nyingine ya kiwanja ivae kijani.

Desturi yenye sababu zake

Ingekuwa kosa kuudhania uwanja mtupu kuwa ni ujinga wa waliotangulia, kwa maana desturi hiyo ina sababu ambazo kila mkazi wa pwani ya kusini anazijua. Nyoka huonekana kwa urahisi juu ya mchanga mweupe, mtoto anayetambaa hakutani na mwiba wa mbigili, makopa ya muhogo na mpunga huanikwa bila kuchanganyika na takataka, na siku ya harusi au msiba majamvi hutandikwa pale nje na wageni wakaketi. Shambani nako, mwenye mikorosho hupalilia na kusafisha chini ya miti kabla ya korosho kuanza kudondoka, ili kila punje ionekane na iokotwe, na mkono uliozoea kazi hiyo shambani huifanya pia nyumbani bila kujiuliza. Wala desturi hii si ya Mtwara peke yake, kwa kuwa viwanja vya kufagiwa vimekuwapo Afrika Magharibi kwa karne nyingi, na watu weusi wa majimbo ya kusini mwa Marekani waliendelea navyo mpaka ndani ya karne ya 20, kabla ya bustani za nyasi kuchukua nafasi yake.

Kilichobadilika ni mazingira yanayouzunguka uwanja wenyewe. Nyumba ya makuti iliyosimama peke yake, ikiwa na vichaka na mikorosho pande zote, iliweza kuwa na duara la mchanga mtupu bila madhara makubwa, kwa sababu maji yaliyotoka uwanjani yalimezwa hatua chache mbele na ardhi yenye majani. Hali hiyo inazidi kuwa adimu mjini. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 1,270,854 katika Mkoa wa Mtwara, na ya mwaka 2022 ikawahesabu 1,634,947, na ongezeko hilo limeleta mapaa ya bati yaliyosogeleana, viwanja vilivyopunguzwa ukubwa na vichaka vilivyokwisha, hata maji ya uwanja mmoja mtupu yanaingia katika uwanja mwingine mtupu, na huo ukayapeleka katika wa tatu. Je, desturi iliyofaa pale nyumba moja ilipozungukwa na pori inaweza kufaa vilevile pale nyumba kumi zinapozungukwa na nyumba nyingine kumi?

Bandu bandu huisha gogo

Ili kuelewa kinachotokea, inafaa kuanza na hesabu ya mvua, ambayo ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji, kwa hiyo paa la mita 100 za mraba, likipata mvua ya milimita 50, humwaga lita 5,000 katika mistari miwili myembamba iliyo chini ya kingo zake, na maji hayo yote huangukia hatua moja tu kutoka kwenye msingi wa nyumba. Tone kubwa la mvua huanguka kwa kasi inayokaribia mita 9 kwa sekunde, na likipiga mchanga usio na kifuniko hurusha chembechembe zake kila upande. Ule ukanda wa rangi ya udongo ukutani ndio alama ya chembe hizo. Zile nyepesi zaidi huziba vitundu vya juu ya ardhi na kufanya gamba gumu, na maji yakishindwa kupenya gamba hilo hutiririka, yakibeba kila kilicholegea.

Ufagio nao una sehemu yake katika upotevu huo. Kila asubuhi vijiti vya chelewa huvunja gamba la juu, hulegeza mchanga na kuukusanya pamoja na majani makavu kwenye rundo linalotupwa jalalani au kuchomwa moto. Ni kiasi kidogo mno kwa siku moja, na hakuna anayekiona, lakini wahenga waliposema bandu bandu huisha gogo hawakuwa wakizungumzia magogo peke yake. Uwanja wa mita 100 za mraba ukipungua kwa unene wa milimita 1, udongo uliopotea ni sehemu ya kumi ya mita moja ya ujazo, ambayo kwa mchanga mkavu ni takriban kilo 150, na milimita hizo zikirudiwa kwa miaka ishirini ndipo ngazi ya baraza inapoonekana imepanda, ilhali kilichotokea ni ardhi kushuka.

Hapo ndipo mwenye nyumba anapoingia gharama ya ajabu, kwa kuwa hulazimika kununua lori la kifusi ili kurudisha ardhi aliyoifagia mwenyewe, kisha kumlipa fundi azibe msingi kwa saruji, na kifusi hicho, kikiwa nacho kimeachwa kitupu, huanza safari ileile kwenye mvua ya kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini katika uwanja mtupu ufa huzibwa kila mara huku chanzo chake kikifagiwa na kupambwa.

Mvua kubwa huizidisha hatari hiyo. Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma, wakati wakazi wa Mtwara wakiwa wametahadharishwa kuhama maeneo ya mabondeni, na mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, ambapo mvua zake ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara katika eneo la Somanga. Hakuna mmea wa kutambaa unaoweza kuzuia kimbunga, na asidanganywe mtu kwa ahadi hiyo, ila kuna tofauti kubwa kati ya ardhi inayoipokea mvua ya siku tatu ikiwa imeshikwa na mizizi na ile inayoipokea ikiwa mchanga uliolegea. Mchanga huo, ukishatoka mitaroni, hauishii barabarani, bali huelekea kwenye mikoko na maji ya kina kifupi ambayo wavuvi wa mwambao huu huyategemea.

Vumbi, joto na funza

Msimu wa mvua katika pwani ya kusini ni mmoja kwa mwaka, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei, na miezi inayofuata huwa mikavu na yenye upepo. Katika kipindi hicho uwanja mtupu huacha kuwa mto na kuwa kiwanda cha vumbi, linaloingia katika vyakula, katika nguo zilizoanikwa na katika vifua vya watoto na wazee wenye pumu. Mchanga usio na kivuli unaweza, adhuhuri, kupita nyuzi joto 50 za Selsiasi, na joto hilo hurudi ukutani na dirishani hadi usiku, wakati ambapo ardhi iliyofunikwa na majani hubaki na ubaridi kwa sababu majani hupoza hewa yanapotoa unyevu.

Kuna pia suala la funza, kiroboto mdogo anayejichimbia katika nyayo na vidole vya miguu, ambaye asili yake ni Amerika na ambaye aliingia Afrika kupitia Angola mwaka 1872, akafika mwambao wa mashariki kabla ya karne hiyo kwisha. Mdudu huyo hustawi katika udongo mkavu wa kichanga wenye vumbi, hasa pale watu na mifugo wanapolala karibu karibu, na waathirika wake wakubwa ni watoto na wazee wanaotembea pekupeku. Uwanja mtupu ambao familia inauona kuwa ni kinga ya maradhi unaweza, ukikauka na kuwa vumbi, kuwa ndiyo makazi ya adui huyo.

Mji uliojengewa bandari ya karanga

Mtwara ina sababu ya pekee ya kulielewa somo la ardhi tupu, kwa maana mji wenyewe ulipata umbo lake la kisasa kutokana na mmea mfupi unaoifunika ardhi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, uliokusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea, na kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa bandari ya kina kirefu Mtwara pamoja na reli ya kuileta karanga pwani. Matrekta, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'olea visiki, vilikwangua pori. Huko Kongwa udongo wa mfinyanzi, ukiwa umevuliwa miti na majani, ulikauka chini ya jua ukawa mgumu mno hata karanga zikashindwa kuchimbuliwa, na mvua nazo zikawa haba. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 36, na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ila bandari ilibaki na mji ukakua.

Karanga yenyewe haikuwa na kosa. Mmea huo, sawa na kunde, choroko na njugu mawe, una vinundu katika mizizi vinavyohifadhi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuifanya mbolea, na matawi yake hutanda karibu na ardhi na kuikinga. Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Naliendele, kilicho nje kidogo ya mji wa Mtwara na kinachojulikana zaidi kwa korosho, kimetoa pia mbegu za karanga zenye majina ya huku kusini, zikiwamo Naliendele 2009, Mnanje 2009 na Mangaka 2009. Katika mkoa jirani wa Ruvuma, wamisionari Wabenediktini wa Peramiho walieneza katika miaka ya 1980 kilimo cha marejea, mmea wa jamii ya kunde unaopandwa ili kurutubisha udongo na kuua magugu. Ujuzi wa kuifunika ardhi kwa mmea, basi, upo kusini tangu zamani; kilichokosekana ni kuuvusha kizingiti cha shamba na kuuingiza uwanjani.

Mmea gani, mahali gani

Mwenye kiwanja anayetaka kuanza hana haja ya kununua miche ya bei ghali, kwa kuwa mmea bora wa kwanza kwa kaya nyingi ni matembele. Vipande vya marando, yaani shina la kutambaa la kiazi kitamu, vyenye urefu wa sentimita 30 hivi, huchomekwa ardhini mvua zinapoanza kushika, kwa nafasi ya unyayo mmoja au zaidi kidogo, na ndani ya wiki chache mchanga hauonekani tena. Familia inayochuma matembele upande wa jua wa nyumba yake hupunguza safari za gengeni, na kila fungu lililochumwa ni shilingi zilizobaki mfukoni kwa ajili ya dagaa au nazi ya kuyaungia. Kunde hufanya kazi hiyohiyo na hutoa majani kwanza na mbegu baadaye, na shina moja la boga likiachwa litambae hufunika eneo kubwa huku likitoa mboga, maua na boga lenyewe. Hata tako la hasani, mmea mnene wa kutambaa unaong'olewa kila siku kama gugu, huliwa kama mboga na huishi juu ya mchanga mkavu bila kumwagiliwa.

Chini ya mwembe au mkorosho, ambako kivuli ni kizito na mboga hazistawi, hufaa nyasi za Pemba, aina ya ukoka wa majani mapana inayovumilia kivuli na hewa ya chumvi, au jamaa ya karanga iitwayo Arachis pintoi, yenye asili ya Brazili, ambayo haipandwi kwa ajili ya kuvunwa bali kwa zulia lake la kudumu lenye maua madogo ya manjano. Kwenye mteremko unaochimbwa na maji, mistari ya mchaichai au ya nyasi za vetiva, zenye mizizi inayokwenda chini sana, hupandwa kwa kukingama ili kuipunguza kasi ya maji, na mimea ya kutambaa hujaza katikati yake. Kwa wanaojenga karibu na ufukwe, kuanzia Mikindani hadi Msimbati, mwalimu yupo tayari: mlakasa, mtambaazi wenye maua ya zambarau na majani yenye umbo la kwato ya mbuzi, ambao hutoa mizizi katika kila kifundo na kuushikilia mchanga usipeperuke, na ambao wajenzi wengi huanza kwa kuufyeka.

Si kila mmea unaotambaa ni rafiki. Ukoka wa kawaida hushika udongo vizuri sana lakini ukiingia katika tuta la mboga huwa vigumu kuuondoa, upupu unawasha, na mtambaazi wa maua ya manjano unaouzwa kwa wingi kwa ajili ya bustani, ambao jina lake la kitaalamu ni Sphagneticola trilobata, umo katika orodha ya kimataifa ya viumbe 100 wageni walio wavamizi wabaya zaidi, kwa kuwa hukimbia kutoka bustanini na kuua mimea mingine kandokando ya mitaro. Anayepanda achague mmea anaoweza kuuzuia.

Hofu zinazostahili kusikilizwa

Pingamizi la kwanza la kila mwenye uwanja mtupu ni nyoka, na pingamizi hilo halipaswi kuchekwa. Nyoka hufuata panya, vyura na mahali pa kujificha, na mahali hapo mara nyingi ni rundo la kuni, matofali yaliyosahauliwa, vifusi na majani marefu, kuliko zulia la mimea ya urefu wa kiganja. Kwa sababu hiyo mpangilio wa busara huacha ukanda mtupu wa upana wa hatua mbili kuuzunguka ukuta, ukitandazwa kokoto pale michirizi ya paa inapoangukia, pamoja na njia pana za kwenda chooni, jikoni na getini, na ndipo mimea ianze, ikipunguzwa kila inapozidi kimo. Ukanda huo na njia hizo ndio ufalme halali wa ufagio.

Pingamizi la pili ni mbu. Mbu huweza kupumzika katika majani yenye kivuli wakati wa mchana, lakini hazaliwi humo, kwa kuwa mayai yake huhitaji maji yaliyotuama, kama yale ya vifuu vya nazi, makopo, matairi na madimbwi yanayobaki juu ya udongo uliozibwa na gamba. Uwanja unaokunywa maji yake kwa haraka huwa na madimbwi machache, na mwenye hofu ya malaria atapata faida zaidi akikusanya vifuu kuliko aking'oa matembele.

Lipo pia jambo ambalo watetezi wa bustani hupenda kulinyamazia, nalo ni minyoo ya safura, ambayo viluwiluwi vyake huishi katika mchanga wenye unyevu na kivuli na kupenya ngozi ya mguu. Viluwiluwi hivyo hutokana na kinyesi cha binadamu, hivyo pale ambapo watoto hawatumii choo kivuli cha mimea kitaihifadhi hatari hiyo, na hakuna zulia la kijani linaloweza kuchukua nafasi ya choo bora na kandambili. Kuku na mbuzi, kwa upande wao, huimaliza mimea michanga kabla haijashika, kwa hiyo uzio mfupi wa matete au wa miiba unahitajika mpaka marando yatandaze.

Swali la maji ya kiangazi ndilo gumu kuliko yote, hasa katika kaya zinazonunua maji kwa ndoo, kwa kuwa matembele yasiyomwagiliwa hunyauka na kunde humaliza maisha yake. Maji ya kusuuzia nguo na vyombo, yasiyo na sabuni nyingi, hutosha kwa kitalu kidogo cha marando kitakachotoa mbegu ya msimu ujao, na sehemu iliyobaki hufunikwa kwa matandazo, yaani majani makavu na mabaki ya mimea yanayotandazwa juu ya udongo. Majani ya mwembe yanayochomwa kila jioni ni matandazo ya bure, na kuyachoma ni kugeuza mbolea kuwa moshi.

Wenye uwezo hukimbilia vitofali vya saruji vya kutandika chini, maarufu kwa jina la pevingi, na ni kweli kwamba vitofali hivyo huondoa vumbi na tope kwa siku moja. Lakini kwa kaya ya kawaida ni gharama kubwa, havitoi mboga, huongeza joto, na vikitandikwa kuta kwa kuta bila mahali pa maji kuingilia humpelekea jirani wa chini mafuriko ambayo hakuyaomba. Vinafaa njiani na mbele ya mlango. Kiwanja kizima hakivihitaji.

Usafi upimwe kwa kipimo kingine

Sehemu kubwa ya tatizo hili imo katika maana ya usafi kuliko katika kilimo. Tangu Rais John Magufuli aliposherehekea siku ya Uhuru ya tarehe 9 Desemba 2015 kwa kazi ya usafi nchi nzima, na Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo, mitaa imepata utaratibu mzuri wa kuondoa taka, lakini katika maeneo mengi jembe na fyekeo huanza na kijani kabla ya kufika kwenye plastiki, na kingo za mitaro hukwanguliwa hadi udongo mtupu ambao mvua inayofuata huurudisha mtaroni. Kamati ya mtaa ingeweza, bila kutumia fedha yoyote, kubadili kinachokaguliwa: maji yaliyotuama, plastiki, vifuu, vichaka virefu na choo, badala ya kuhesabu majani, na kingo za mitaro zikapandwa nyasi fupi zinazofyekwa bila kung'olewa.

Nyumba za kupanga zina ugumu wake, kwa sababu uwanja wa wapangaji wanne au watano ni wa wote na si wa yeyote, na zamu ya kufagia hutolewa kwa kila mlango ilhali zamu ya kupanda haipo. Mwenye nyumba ndiye anayepata hasara msingi ukichimbika, kwa hiyo ndiye anayepaswa kuanza, kwa kutenga vipande vya kupanda na kumwachia kila mpangaji mboga ya kipande chake, na mpangaji anayechuma hatakubali kuku wa jirani wala ufagio wa mtu yeyote uingie humo. Mama mwenye nyumba anayefagia mita 30 za mraba badala ya 100 hupata pia muda na mgongo wake, na jambo hilo halipaswi kuhesabiwa kuwa dogo katika mji ambao siku ya mwanamke huanza kabla ya adhana ya alfajiri.

Kwa kaya ya Chuno inayotaka kujaribu, kiangazi ni wakati wa kuangalia maji yalipita wapi msimu uliokwisha, kuuchora mpaka kati ya sehemu ya ufagio na sehemu ya mimea, kukusanya majani makavu badala ya kuyachoma, na kuomba marando kwa jirani mwenye kitalu. Kazi ya kupanda ifanyike mvua za Desemba zinapokuwa zimeulowesha udongo, na ianze upande mmoja tu wa nyumba, ule unaochimbika zaidi. Mpaka mvua za Aprili zitakapokwisha, kila mwenye nyumba atakuwa na kipimo chake mwenyewe, kwa sababu upande uliopandwa na upande uliofagiwa vitakuwa vimepata mvua ileile, na mwenye kuhesabu gharama ya kifusi na saruji hatahitaji kushawishiwa na mtaalamu wala mwandishi ili aamue msimu unaofuata apande upande gani.